Masaba: Mlima Unaoshikwa na Mizizi

Yeyote aliyewahi kuhamishiwa Mbale, awe askari wa jeshi, polisi, mwalimu au karani, ameamka siku moja akauona ukuta wa Wanale umesimama juu ya mji. Mvua ikiwa imenyesha usiku, ameona pia vijito vyembamba vikiteremka ukutani kama nyuzi nyeupe. Wengi wetu huishia hapo. Hutazama, husifu, kisha huenda kazini. Mimi nilikuwa mmoja wa hao, ingawa mama yangu mzazi ni mtu wa mlimani na wajomba zangu wamezikwa huko. Ilinibidi nivuke umri wa miaka thelathini ndipo nikaupanda mlima wenyewe. Wala sikwenda kwa matembezi. Niliitwa.

Aliyeniita ni binamu yangu, konstebo wa polisi katika mji wa mbali. Alinipigia simu akasema: "Ndugu yangu, nyuma ya nyumba ya Mzee ardhi imepasuka. Ufa umefika upana wa kiganja. Nimemsihi ahame, amekataa. Nenda wewe. Mpwa husikilizwa pale mtoto asiposikilizwa." Nikaomba likizo ya wiki moja, nikachukua koti zito na viatu vya mpira, nikapanda gari la kwenda Budadiri.

MLIMA WENYEWE

Mlima huu ndio uitwao Elgon katika ramani, na Masaba katika vinywa vya Wagisu, ambao humtaja Masaaba kuwa ndiye baba yao wa kwanza. Umelala juu ya mpaka wa Uganda na Kenya. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Wagagai, kina mita 4,321 na kiko upande wa Uganda. Hapo zamani za mbali mno ulikuwa volkeno iliyotema moto na majivu. Moto ulizimika, na juu kabisa kikabaki kasoko, yaani bakuli kubwa lenye upana wa kilomita 8 hivi. Majivu yale yaligeuka udongo mwekundu mzito, wenye rutuba ya ajabu, na udongo huo ndio baraka ya mlima na ndio hatari yake pia.

Baraka huonekana upesi. Toka Budadiri kwenda juu, njia hupita katikati ya mashamba yasiyoacha hata shubiri ya ardhi: migomba, maharage, viazi, vitunguu, na chini ya kivuli cha miti mirefu, kahawa ya arabika. Kahawa hiyo ndiyo iliyowasomesha watoto wa huku, na kwa ajili yake wakulima waliunda chama chao kikuu cha ushirika cha Bugisu mwaka 1954. Nyumba hukaribiana kama hema za kambini. Mtu hulima mpaka kwenye mteremko ambao mbuzi mwenyewe husita kuukanyaga.

Mjomba alinipokea kwa furaha, akaniuliza habari za mama, akanikalisha. Nilipotaka kufungua maneno yaliyonileta, akainua mkono. "Mpwa wangu," alisema, "najua umetumwa. Lakini wewe ni mwalimu, na mwalimu hafundishi asichokiona. Panda kwanza. Nenda mpaka juu, utazame. Ukirudi, nitakusikiliza."

Basi asubuhi yake nikafuatana na askari mmoja wa hifadhi na kijana mmoja mpagazi, tukashika njia ya Sasa.

MSITU WA CHINI

Mpaka wa Hifadhi ya Taifa ni kama mstari uliochorwa kwa rula. Huku kabichi, kule msitu. Ukivuka mstari huo, baridi hukupiga usoni, na sauti za watu hukatika nyuma yako kana kwamba umefunga mlango.

Mtu aliyezoea misitu ya joto ya nchi za chini atashangaa hapa. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi; kwa hiyo, ingawa Ikweta haiko mbali, mimea mingi ya mlimani ni jamaa wa mimea ya nchi za baridi. Iko podo yenye majani membamba, ambayo ni jamaa ya mbali ya misonobari. Uko mti ambao wafanyabiashara wa mbao huuita mtiki wa Elgon, kumbe si mtiki hata kidogo bali ni ndugu wa mzeituni. Uko pia mti ambao wataalamu huuita Prunus africana, ulio katika ukoo mmoja na miti ya plamu ya Ulaya. Gome lake hutengenezwa dawa ya tezi dume. Kwa sababu hiyo watu waliubambua mpaka ukaanza kufa ukiwa umesimama, na tangu mwaka 1995 biashara yake kati ya mataifa imewekewa masharti.

Askari wa hifadhi alinisimamisha chini ya mtiki mmoja mnene, ambao watu watatu wasingeweza kuukumbatia. Mvua ilikuwa imeanza, lakini sisi tulikuwa hatujalowa. "Sikiliza," aliniambia. Juu kabisa matone yalikuwa yakigonga majani kwa kishindo. Chini yalipotufikia yalikuwa yamevunjika nguvu, yakishuka moja moja, yakipitia kwanza juu ya mashina yaliyovaa ukoga mnene kama sufu. Nilichimba kwa kidole pale miguuni. Majani makavu, chini yake majani yaliyooza, chini yake udongo mweusi mwepesi uliojaa mizizi myembamba kama nywele. Nikaukamua kiganjani, ukatoa maji kama sifongo.

Huo ndio utaratibu wa msitu. Kwanza hulivunja tone kabla halijaigonga ardhi. Kisha huyanyonya maji na kuyaweka akiba, ukiyatoa kidogo kidogo katika chemchemi hata miezi ya ukame. Tena, kwa mizizi yake, huufunga udongo kama kamba zinavyofunga mzigo kwenye gari. Na kazi hiyo haifanywi na miti peke yake. Hondohondo na kima hula matunda na kwenda kudondosha mbegu mbali. Mbega, wenye mikia mirefu myeupe, hula majani juu na kurudisha mbolea chini. Usiku tulimsikia perere, mnyama mdogo asiyezidi sungura, akikoroma na kupiga kelele mtini mpaka mpagazi wetu akajifunika blanketi kichwani.

MIANZI NA MALEWA

Tulipanda magenge ya Mudangi kwa ngazi, na kadiri tulivyozidi kwenda juu miti mikubwa ilitupisha, tukaingia katika mianzi. Hapa dunia ni ya kijani tupu. Mianzi husimama imebanana, mirefu kupita paa la nyumba ya ghorofa, na upepo ukipita hugongana kwa sauti kama ya magongo ya wachezaji ngoma.

Mwanzi si mti. Ni jamaa ya majani, ndugu wa muwa na mhindi. Shina lake la kweli hutambaa chini ya ardhi, likiufuma udongo kama mkeka, na mvua zinapoanza hutoa machipukizi manene. Hayo ndiyo malewa, chakula cha heshima cha Wagisu. Huchumwa yakiwa machanga, humenywa, kisha hutundikwa juu ya moshi mpaka yakauke, na yakikauka hukaa miezi mingi bila kuharibika. Mama wa nyumbani atakaye kuyapika huyaloweka, huyachemsha kwa maji ya majivu yaliyochujwa ili yalainike, huyakatakata, kisha huyaunga kwa karanga zilizosagwa. Nimekula malewa ya mke wa mjomba kwa ndizi, nami nashuhudia kwamba hayahitaji nyama.

Lakini mwanzi una siri yake. Huishi miaka mingi bila kuchanua, na siku ukichanua hufa. Mara nyingi sehemu nzima ya msitu huchanua pamoja na kukauka pamoja, kisha mbegu huanza upya. Kwa hiyo anayekata malewa yote leo hajui kama mianzi itampa mengine kesho. Wazee wa zamani walijua kuacha machipukizi mengine yakue. Siku hizi askari wa hifadhi na wanavijiji wa sehemu kadhaa wamekubaliana siku za kuingia na kiasi cha kuchukua. Penye makubaliano ya namna hiyo, mwanzi husimama vizuri kuliko pale penye kukimbizana tu.

JUU YA MIANZI

Siku ya pili tulitoka katika mianzi tukaingia katika vichaka vya erika, vilivyopinda kama wazee, vikining'iniza ndevu za kijivu kila tawini. Ndevu hizo hunasa ukungu. Hata siku isiyo na mvua, ukungu hugeuka matone juu yake na kudondoka, na hivyo mlima hunywa maji ambayo kipimo cha mvua hakiyaoni.

Tulilala kwenye Pango la Mude, kiasi cha mita 3,500 juu ya bahari. Alfajiri majani yalikuwa meupe kwa jalidi. Hapo ndipo nilipoona mimea niliyoiona kabla katika vitabu tu. Senesio kubwa husimama kama mtu aliyejitanda blanketi, maana haiangushi majani yake yaliyokufa; huyaacha yafunike shina ili maji yaliyo ndani yasigande. Lobelia nayo hukunja majani yake usiku kulinda kichipukizi cha kati, na jua likitoka huyafungua tena. Mchana hapa ni jua kali, usiku ni jalidi, mwaka mzima. Mimea hiyo hukua polepole mno, na aikataye kwa kuni za usiku mmoja huharibu kazi ya miaka mingi.

Juu ya Wagagai nilikaa robo saa, sikuweza zaidi kwa baridi. Ukungu ulifunguka kidogo nikaliona bakuli la kasoko lote chini yangu. Askari akanionyesha kwa fimbo yake. Maji ya upande huu hushuka Manafwa, huingia Mpologoma, kisha Ziwa Kyoga na mto Nile. Yale ya kusini mashariki huingia Nzoia mpaka Ziwa Viktoria. Na mto Suam, utokao humuhumu ndani ya kasoko, huenda mashariki na kuitwa Turkwel, ukaishia Ziwa Turkana. Maziwa matatu hunywa katika mlima mmoja. Mvuvi wa Kyoga ambaye hajapata kuuona Masaba anakula kwa fadhili ya ukungu huu.

ARDHI INAPOTEREMKA

Tuliporudi chini nilikuwa natazama kwa macho mengine. Nilielewa sasa habari ambazo nilizisoma kama mtu asomaye habari za ugenini.

Tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua ya muda mrefu, ubavu wa mlima uliporomoka juu ya Nametsi, wilayani Bududa. Soko, kituo cha afya na nyumba zilifukiwa, na mamia ya watu walikufa au hawakuonekana tena. Wanajeshi walifika wakachimba kwa majembe na koleo, kwa kuwa mashine hazikuweza kupanda. Baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu huenda walikuwa miongoni mwao, nao hawahitaji kuelezwa na mimi. Juni 2012 ikawa Bulucheke. Oktoba 2018 ikawa Bukalasi, mto uliposhuka na mawe na miti ukapita katikati ya watu. Mwisho wa Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika ndani ya mji wa Mbale wenyewe. Novemba 2024 ikawa Bulambuli.

Sababu si moja. Udongo ule wa majivu ni mzito na una kina kirefu juu ya mwamba. Ukilowa sana huwa kama ugali uliomwagwa juu ya sahani iliyoinamishwa. Mteremko mkali, mvua ya siku nyingi, na watu waliobanana kwa kukosa ardhi pengine, yote huchangia. Msitu hauzuii kila poromoko. Hata penye miti ardhi imewahi kushuka. Lakini mahali ambapo mizizi mirefu imeng'olewa na kuwekwa kabichi, ambayo mzizi wake hauendi mbali, na mahali ambapo mtu amekata ubavu wa kilima ili apate uwanja wa nyumba, hapo maji hukuta mlango uko wazi.

Nani aliufungua mlango? Msitu huu ulitangazwa hifadhi mwaka 1938. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi ilipokuwa katika misukosuko na sheria ilipolegea, watu waliingia wakakata sehemu kubwa sana. Mwaka 1993 mlima ukafanywa Hifadhi ya Taifa, na mwaka uliofuata kazi ya kupanda upya miti ikaanza. Lakini kupanda miti mahali ambapo mtu anapaita shamba lake si jambo jepesi, na miche mingi ilikatwa na watu wenye hasira. Tena wako watu wa Benet, waliokuwa wakiishi na kuchunga katika nyika za juu tangu kale. Wao walihamishwa mwaka 1983, mstari wa mwaka 1993 ukawakuta tena, na mwaka 2005 mahakama mjini Mbale ikatambua kwamba wao ni wenyeji wa asili wa eneo lile. Haki yao na uhai wa msitu lazima vitafutiwe njia moja, maana anayefukuzwa bila pa kwenda hurudi usiku na panga.

MANENO YA MJOMBA

Jioni niliporudi, mjomba alinipeleka mwenyewe nyuma ya nyumba. Ufa ulikuwa umekatiza kati ya migomba kama mfereji uliochorwa kwa jembe, na upande wa chini ulikuwa umeshuka kiasi cha nusu futi. Mti wa mparachichi ulikuwa umeinama.

Nilimwuliza juu yake kulikuwa na nini zamani.

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema: "Mwaka wa 1978 nilikuwa kijana. Hapo juu palikuwa na miti mikubwa kama ile uliyoiona. Niliikata kwa mikono yangu. Nilipanda kabichi, nikaoa kwa kabichi, nikamsomesha huyo polisi wako kwa kabichi. Serikali ilipotutoa nilikasirika miaka kumi. Nikisikia watu wa miti wamekuja, nilikuwa nikitema mate. Sasa ufa huu umetoka katika shamba langu lile lile. Mpwa wangu, nimhukumu nani?"

Sikuwa na jibu la kumpa mtu wa umri wake. Nilimwambia tu: "Mjomba, hapana aliyekuja kuhukumu. Lakini wajukuu wanne wanalala katika chumba kilicho karibu na ufa huu."

Mke wake, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, alisema kwa sauti ya chini: "Mwambie, mwanangu. Mimi usiku wa mvua silali. Nasikiliza."

Serikali imetenga ardhi Bulambuli, nchi ya chini, na tangu mwaka 2019 familia kadhaa za mlimani zimehamishiwa huko. Wengine walipelekwa Kiryandongo baada ya maafa ya 2010. Nilimtajia. Alitikisa kichwa: kule hakuna baridi, hakuna kahawa, hakuna makaburi ya baba zake. Maneno hayo si ya kuchekwa. Mtu haihami nchi yake kama askari ahamavyo kituo, na hata askari huhama akiwa na mshahara.

Tulikaa mpaka usiku wa manane. Mwisho alikata shauri lake mwenyewe. Nyumba ile itaachwa. Mke na wajukuu watahamia kwa ndugu yake, juu ya mgongo wa kilima ulio tambarare, kabla mvua hazijaanza. Yeye mchana atakuja kuitunza kahawa yake, na jua likizama ataondoka. "Kahawa hailindwi na mzee usiku," alisema. Na juu ya ufa, badala ya migomba, atapanda miti ya asili. Askari wa hifadhi aliahidi kumletea miche. Mzee aliyetema mate kwa ajili ya miche alimpa mkono.

KWA WALIO NYUMBANI

Wasomaji wetu wengi wanatumikia taifa mbali na kwao, na wazee wao wako milimani. Kwa hao, na kwa akina mama wanaotunza nyumba huko, naacha maneno machache niliyojifunza.

Ukiona ufa mpya ardhini, au mlango uliokuwa ukifunga vizuri umeanza kukwama, au miti imeinama upande mmoja, au chemchemi ya maji ya tope imetokea mahali pasipokuwa na maji, usingoje. Toa watoto kwanza, kisha mwarifu mwenyekiti wa kijiji. Usikate ukuta wa kilima nyuma ya nyumba bila ushauri wa wanaojua. Mfereji wa maji ya paa usiuelekeze penye ufa. Katika kahawa acha miti ya kivuli yenye mizizi mirefu. Na ukiitwa na mdogo wako aliye kazini mbali akikusihi uhame, usimwone kuwa anakudharau.

Siku niliyoondoka, mvua ya asubuhi ilikuwa imekwisha na ukungu ulikuwa ukipanda kutoka msituni. Mjomba alinisindikiza mpaka barabarani. Begani alibeba mkungu wa ndizi kwa ajili ya mama yangu, na mkononi alikuwa na fungu la malewa makavu yaliyonukia moshi. Gari lilipokuja aliniambia nimwambie mwanawe, yule konstebo, kwamba mzee amehama mwenyewe, hakuhamishwa.

Nilimpigia simu jioni ile ile, nikamwambia neno kwa neno.